Kimfuko cha Bakteria

Asubuhi ile fundi cherehani alikuwa amepiga magoti sakafuni, anamalizia kushona bakteria wa kitambaa, kazi ya shule ya binti yake. Seli nyingine, ile kubwa kama mto wa kulalia, ilishakaa tayari kwenye kiti. Ndani yake kulikuwa na mfuko mwekundu wa zipu, ndio kiini, na humo imelala DNA, uzi wa sufu uliokunjwakunjwa.

"Mama, tutachelewa," binti yake akanong'ona mlangoni. Huyo hata kukohoa alikohoa kwa adabu.

"Na tukifika utaongea, au utasimama kama sanamu la dukani?"

Binti akatazama viatu vyake. Mwalimu wa biolojia alishasema: leo, mbele ya wazazi, atakayeshindwa kueleza kazi yake itaelezwa na mwenzake. Na mwanafunzi mwenzake mmoja alishajitolea, tena kwa furaha.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Fundi akasimama nyuma ya meza ya mwanawe, mkoba wa kazi begani. Baba mmoja mwenye tai akambonyeza bakteria kwa kidole.

"Sasa hii ndogo na hii kubwa, tofauti yake ni saizi tu?"

Binti akafungua ile kubwa, akaonyesha kiini. Akafungua ndogo, akaganda. Humo namo mlikuwa na kimfuko, kimeshonwa kikashoneka, na DNA imefungiwa ndani.

Fundi akahisi masikio yanawaka. Binti alishamwambia uzi wa bakteria auache wazi, bila mfuko. Lakini mkono wake haujui kuacha uzi unaning'inia. Huo kwake ni uchafu, nguo ya hivyo mteja anakurudishia usoni. Aliushonea kimfuko bila hata kuwaza.

"Kumbe zinafanana," baba wa tai akasema.

"Nieleze mimi?" Yule mwenzake aliyejitolea alishasogea.

"Mama," binti akasema. Halafu akasema tena, kwa sauti ambayo fundi hajawahi kuisikia hata nyumbani: "Mama! Nipe mkasi."

Watu wakageuka. Fundi akautoa. Mkasi ukapita kwenye ule mshono mzuri, na kila ulipokata, aliusikia mbavuni. Kimfuko kikatoka. Uzi ukamwagika katikati ya vishanga vilivyojazwa tumboni mwa bakteria.

"Bakteria yuko hivi," binti akasema. "Ni prokarioti, hana kiini. DNA yake haijazungushiwa utando, imo humo humo na vitu vingine. Hii kubwa ni yukarioti, kama seli zako wewe baba. Yenyewe DNA inakaa ndani ya kiini. Hivi vishanga ni ribosomu, vya kutengenezea protini. Hivyo wote wanavyo."

"Na huyu alishonewa kiini na nani?" baba wa tai akauliza.

"Na mama yangu. Kwake hakuna kazi inayotoka na uzi nje. Hata ya bakteria."

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi alicheka kuliko wote, huku anajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Akatoka hadi kwenye korido, akamwandikia mumewe aliyekuwa zamu kiwandani: "Baba watoto, mwanao kanifumulia mshono mbele za watu. Ungemsikia!"

Ujumbe ukaenda. Akasimama pale pale, simu kiganjani. Ndani, kundi jingine lilikuwa limefika mezani, na ile sauti ikaanza upya: "Karibuni. Sogeeni, msiogope."