Mashariki ya Mzee Zeilig

Meli yetu ilikuwa ya kubebea ng'ombe, na kwa harufu tuliyoikuta ndani, ng'ombe nao hawakuifurahia. Ilikuwa na tabia moja mbaya: watu wakijaa upande mmoja, inalala upande huohuo. Kwa hiyo tulipotoka tu bandari ya Konstantsa, tukiikimbia vita, nahodha Remzi, Mturuki mwenye hasira za karibu, alichora mstari wa chaki katikati ya sitaha, akatugawa kushoto na kulia. Ukitaka kuvuka, sharti mtu wa uzito wako avuke kuja upande wako. Vyoo, vibanda vya mbao vilivyopigiliwa harakaharaka, vilikuwa kushoto. Sisi tulikuwa kulia. Mimi nilikuwa nabadilishana na mke wa mchinjaji, na kila mara alinikumbusha kwamba yeye ni mwepesi kidogo kuliko mimi.

Baba yangu, Mzee Zeilig, fundi wa kofia, hakujali vyoo. Siku hiyo ilitimia miaka mitatu tangu kaka yangu Froim auawe mtaani kwetu, na kabla jua halijazama baba alitakiwa kumsomea Kadishi. Hiyo ni sala ya mfiwa: yeye huisoma amesimama, na sharti wawepo wanaume wasiopungua kumi, naye akiwamo, wengine wakimwitikia amina. Jua likizama, tarehe ya Froim imepita hivihivi. Baba hakuwahi kuikosa. Mwaka uliotangulia aliisomea ghalani, katikati ya viazi.

Wanaume kumi walipatikana. Kasheshe ilikuwa upande wa kuelekea. Kwetu sisi Wayahudi watu husali wakitazama mashariki, kwa sababu Yerusalemu iko huko, na baba zetu walifanya hivyo. Meli ilikuwa inakwenda kusini, kwa hiyo mashariki ilikuwa kushoto. Ukisimama kulia ukatazama mashariki, mbele yako ni vyoo, na sala haielekezwi chooni.

Basi baba akavuka mstari wa chaki, na wale tisa nyuma yake, wakavipita vyoo hadi ukingoni. Meli ikalala. Sufuria ya supu ikaanza safari yake yenyewe sitahani, tukaitazama ikipita.

"Rudini!" nahodha alifoka, akishuka ngazi na dira mkononi. "Mnataka kutuzamisha?"

"Tunataka kusali," baba akasema.

"Salini kule kwenu!"

"Kule tutaangaliana na choo."

Nahodha alimsogezea dira puani. "Mzee wangu, sikiliza. Mimi mwenyewe nasali. Kibla hakibahatishwi. Yerusalemu iko mbele, huko tunakokwenda. Simameni katikati, mtazame mbele, yaishe."

"Dira ni yako, bwana nahodha. Mashariki ni ya baba yangu."

"Mashariki kuna nyambizi za Warusi!"

"Mzee Zeilig," akadakia Leiser kinyozi, "huyo Mungu wako hawezi kugeuza shingo?" Leiser alikuwa hasali. Alishaapa hivyo mbele ya mtaa mzima, tena siku ya kufunga, huku anakula soseji.

"Na wewe umefuata nini hapa?"

"Mlikuwa tisa na wewe. Mimi nimekuja kujaza."

Nilimwonea baba aibu na huruma kwa pamoja. Nikamwendea nahodha nikamwambia anayesomewa ni mtoto wake aliyeuawa, na siku yenyewe ndiyo hii, inakwisha.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Nahodha alilitazama jua, akamtazama baba, akalitazama jua tena. Kisha akapanda ngazi akiwatukana, nadhani, watengenezaji wa kofia wote. Pua ya meli ikaanza kugeuka. Jua likahamia nyuma yetu. Sasa mashariki ilikuwa mbele, na sisi tukawa tunawafuata Warusi.

"Haya, fanya upesi!" alipiga kelele kutoka juu. "Makaa hayaokotwi baharini!"

Baba akarudi katikati, miguu yote miwili juu ya chaki, wengine wakarudi pande zao. Akaanza. Kadishi ina sauti ya mfiwa peke yake, wengine husubiri pa kuitikia. Lakini neno la pili lilitoka na sauti mbili.

Baba akanyamaza. "Leiser. Hapo unatakiwa kunyamaza."

"Najua."

"Sasa?"

"Mama na dada zangu walichukuliwa wakati wa baridi," Leiser akasema. "Sijui siku gani. Hakuna anayejua. Niazime ya Froim."

Baba yangu hakuwahi kumwazima mtu hata sindano. Watu wa mtaani kwetu walishaacha kumwomba.

"Chukua," akasema. "Tutaanza upya."

"Na mimi, Mzee Zeilig," ikatoka sauti upande wa vyoo. Mke wa mchinjaji akasimama, bila mchinjaji. Mwingine akasimama nyuma yangu, na mwingine. Jua lilikuwa limebakiza kidogo sana, lakini baba alisubiri hadi wote wakasimama. Nami nilisimama nikilia.

Halafu akaanza tena, nasi tukasoma naye. Hakubaki mtu wa kuitikia amina isipokuwa nahodha, na yeye aliitikia.

Watu walikuwa wamesimama kushoto na kulia, na meli haikulala upande wowote.