Nyenje Ndani ya Sanduku

Elinipendo alikubali kwa mwezi mmoja tu. Alimwambia wazi mumewe, Ildefonce, siku alipoingia nyumbani kwao mtaa wa Soweto na ndoo iliyofunikwa kitenge.

"Baba Goodness, mwezi mmoja. Akitoka humo hata mara moja, na mimi natoka."

Ndani ya ndoo alikuwamo tarantula, buibui mwenye manyoya, mpana kama kiganja cha mkono. Mafundi waliochimba msingi wa banda la ng'ombe kwa mama yake Ildefonce, kule karibu na Kwa Sadala, walikuwa wamelibomoa shimo lake kwa sururu, na mmoja alishanyanyua koleo ili amponde. Ildefonce, ambaye ni mwalimu wa baiolojia, alimzuia. Shimo likamwagiwa zege siku hiyohiyo, kwa hiyo hapakuwa na pa kumrudisha.

Alimwekea sanduku la kioo sebuleni, kwenye meza iliyo jirani na cherehani ya mkewe. Alishindilia udongo wa shambani kina cha shubiri, akaegesha kipande cha gome la mti apate kivuli, akaweka maji kwenye kifuniko cha chupa. Pande tatu za kioo alizibandika magazeti.

Hata hivyo buibui hakutulia. Alipanda kioo, akateleza na kuanguka, na kila alipoanguka Elinipendo alisimamisha cherehani. Ukimkaribia alinyanyua miguu ya mbele. Nyenje aliotiliwa ale aliwaacha wakizurura mpaka Ildefonce akawatoa.

"Mwache azoee," alisema Ildefonce.

"Na mimi nani ataniacha nizoee?"

Jumamosi ya wiki ya tatu Ildefonce alimtilia nyenje mwingine, kisha akaenda kusimamia mafundi. Saa nne asubuhi Elinipendo alisimama kunyoosha mgongo, akachungulia. Buibui alikuwa amelala chali, miguu yote minane hewani.

Kitu cha kwanza alichohisi ni nafuu. Halafu akaona haya kwa kuihisi. Akapiga simu.

"Baba Goodness, mgeni wako amekufa."

Nyuma ya sauti ya mumewe makoleo yalikuwa yakikwangua zege. "Amelalaje?"

"Chali."

"Chini yake kuna utandu mweupe?"

"Upo. Kama shashi."

"Basi hajafa. Anajivua gamba. Usimguse, usitikise meza. Hata cherehani usiiendeshe."

"Nina sare sita za Jumatatu!"

"Nakusihi, mama." Kisha sauti ya Ildefonce ikabadilika. "Nyenje yuko wapi?"

Elinipendo alikuwa amemsahau. Alimwona juu ya gome, akichezesha papasi zake ndefu za kichwani. "Yuko hapa. Mzima."

"Mtoe."

"Nani amtoe?"

"Sikiliza. Hivi sasa buibui hana nguvu na ngozi mpya ni laini kama uji. Hawezi kukuuma. Ila nyenje akisikia njaa, atamtafuna huku anaona."

"Njoo wewe."

"Hata nikipata gari sasa hivi ni saa nzima. Haya, naondoka. Lakini usinisubiri."

Alileta kikombe cha plastiki na kibano. Alizitazama ncha kali za kibano, akakumbuka ile ngozi laini kama uji, akakirudisha mezani. Akainua kifuniko cha wavu polepole. Harufu ya udongo mbichi ikampanda usoni.

Nyenje akaruka. Akatua kwenye utandu, kando kabisa ya tumbo la buibui, akaanza kulisogelea.

Kumfunikia kikombe pale kungemgandamiza buibui. Elinipendo alibana pumzi, akaingiza mkono mtupu, kidole na gumba, kama anayeokota pini juu ya hariri. Akamshika nyenje mguu wa nyuma. Mguu ukakatika, ukabaki vidoleni mwake.

"Yesu wangu!"

Nyenje aliangukia kwenye udongo, akajikokota kuelekea pembeni. Hapo ndipo Elinipendo alipomfunika, akapitisha kipande cha karatasi ngumu chini ya kikombe, akamtoa. Alipokuwa anarudisha kifuniko, tumbo la buibui lilijikunyata na kulegea. Nusura kifuniko kimponyoke. Alikishusha kwa mikono miwili, taratibu, mpaka kikakaa.

Hakwenda popote. Alivuta kigoda akaangalia ngozi ikipasuka, na miguu mipya, ya rangi ya chai ya maziwa, ikivutwa mmoja mmoja kutoka kwenye miguu ya zamani. Mguu mmoja ulikwama. Elinipendo alijikuta akinong'ona, "Vuta. Vuta, wewe." Ukatoka.

Ildefonce aliingia na vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. "Yuko—"

Elinipendo alimnyamazisha kwa kidole. Mumewe akavua viatu mlangoni, akaja kuchuchumaa pembeni yake.

"Nyenje umemtoaje?"

"Kwa mkono."

Ildefonce aligeuka kumtazama mkewe, si buibui.

Alasiri buibui aligeuka, akasimama juu ya miguu yake dhaifu, akajivuta hadi chini ya gome. Nyuma yake liliachwa gamba tupu.

"Nipikie chai," Elinipendo alimwambia mumewe, machozi yakimtoka asijue ni ya nini. "Weka sukari nyingi."