Nati Iliyogoma Asubuhi ya Mashindano

Mjukuu wangu alikuwa hajawahi kushiriki mashindano ya pikipiki, na siku aliyopangiwa ndiyo siku msumari ulipoamua kulala ndani ya tairi lake la nyuma. Asubuhi tulilikuta limebonyea kama kandambili kuukuu. Lango la uwanja lingefungwa saa nne, na kwa aliyechelewa, ndiyo basi tena.

"Mke mwenzangu!" mjukuu akaniita kwa utani wetu kutoka gereji. "Njoo unishikie usukani!"

Chai niliiacha ikifuka moshi.

Gereji yetu sakafu yake imeinamia mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke. Kwa hiyo aliigeuza pikipiki ikakingama, isielekee mteremko. Akaweka matofali mbele na nyuma ya gurudumu la mbele, kisha akafunga mkono wa breki kwa utepe wa tyubu kuukuu mpaka ukakaza. "Gurudumu la nyuma likining'inia, Bibi, gia haizuii kitu," alinieleza. Jeki ya gari tuliazima kwa jirani. Aliisukuma chini ya fremu, mbali na bomba la moshi, akapachika ubao juu yake ili chuma kisiteleze kwenye chuma. Mimi nikasimama kushoto, mikono miwili usukanini, vidole vya miguu nimevirudisha nyuma.

Mara akaingia mjomba wake, kitindamimba wangu, fundi cherehani ambaye wateja humwita Njoo Kesho.

"Bado tu? Mnataka lango lifungwe?"

"Mjomba, leo wewe ndiye mwenye haraka?" mtoto akamjibu huku akizungusha mkono wa jeki. "Suruali ya baba je?"

"Hiyo imebaki vifungo!"

"Vifungo ndivyo vimebaki tangu mwaka jana," nikasema, na wote tukacheka.

Pikipiki ikajinyoosha polepole. Gurudumu likaachana na sakafu, likazunguka bure hewani. Mtoto akapiga vigelegele! Akachukua spana, akaitia kwenye nati kubwa, akavuta.

Nati haikusogea. Akavuta tena, na pikipiki nzima ikatikisika mikononi mwangu kama mbuzi anayekataa kamba. Ubao juu ya jeki ukalia.

Akajipiga kofi la uso. "Mama yangu! Nati hulegezwa tairi likiwa bado chini!"

"Usishushe!" mjomba akaruka. "Mimi nakamata kiti, wewe kanyaga spana. Teke moja tu!"

"Na ikianguka?"

"Ukishusha unaanza upya. Utachelewa!"

Nasema kweli, hata mimi moyo wangu ulikuwa unasema kanyaga, mwanangu, kanyaga. Mtoto akatazama saa ya ukutani. Akatazama ubao, kisha mikono yangu iliyong'ang'ania usukani.

"Bibi, usiachie," alisema. "Nashusha."

Akaishusha taratibu vile vile, wala hakuharakisha hata mzunguko mmoja. Gurudumu lilipokanyaga sakafu akavuta spana kwa nguvu zote. Kwaa! Nati ikakubali.

Hapo sasa kazi ikapamba moto! Jeki juu, ubao sawa, akaitikisa kidogo kwa kiganja: imetulia. Nati ikatoka, ekseli ikatoka, gurudumu likatoka, tairi likabanduliwa, tyubu iliyotoboka ikavutwa nje. Mjomba akapitisha vidole ndani ya tairi, vidole vilivyozoea kutafuta pini kwenye vitambaa, akachomoa msumari. "Huyu hapa mchawi wenu!" Tyubu mpya ndani, pampu juu chini, jasho. Gurudumu likarudi, mnyororo ukapimwa kwa kidole, pikipiki ikashushwa, nati ikakazwa mwisho. Utepe wa breki mtoto aliufungua mwenyewe, akabinya breki zote mbili kabla ya kuwasha.

"Bibi, panda!"

"Mimi?"

"Nani alishika usukani?"

Nikavaa kofia ngumu ya mjomba, ikanifika puani, nikamkumbatia kiunoni. Barabarani upepo ulinijaza mdomo kila nilipotaka kupiga kelele, lakini nilipiga.

Tulipofika, mlinzi alikuwa amekwishavuta lango hadi nusu. Akatutazama, mimi na mtoto, kofia mbili.

"Mshindani ni nani hapo?"

"Leo ni huyu," nikamwambia, nikateremka haraka niwezavyo.

Mtoto akapita kwenye upenyo uliobaki, na lango likafungwa nyuma yake.