Uzi Mwekundu wa Veronika

"Mwanangu, huu mchele nimeufungua kwa kisu!"

Bibie, mteja wao wa siku nyingi, hakungoja hata shikamoo. Alikuwa akipiga simu kutoka dukani kwake Ipogolo, Iringa, na Prisca aliyekuwa ameketi kizingitini kwa mama yake, Veronika, huko Ubaruku ilibidi aisogeze simu mbali na sikio.

"Kwa kisu, mama?"

"Kwa kisu! Miaka tisa nanunua kwa Veronika, navuta uzi, mfuko unafunguka wenyewe. Leo nimekata kama nachinja kuku. Na ndani nusu chenga! Mmekuwa watu gani ninyi?"

"Umenunua lini?"

"Si kwenye tovuti yenu? Mwenyewe uliniambia nisipige simu tena, niagize huko."

Mama yake hakuwa ametuma mfuko hata mmoja Iringa kwa miezi miwili. Alikuwa akiamka, anapeta mchele wake, anaangalia simu isiyolia. Juzi alimuuliza bintiye polepole, kama mtu anayeulizia ugonjwa wake: "Prisca, hivi mchele wangu umeharibika, watu wanaona haya kuniambia?"

Kila mfuko Veronika aliushona kwa mkono, kwa uzi mwekundu. Mshono huo alifundishwa na baba yake, mzee Bujiku, aliyekuwa akishona magunia ya pamba huko Maswa kabla familia haijahamia na ng'ombe wake bonde la Usangu. Ukishika ncha yenyewe ukavuta mara moja, mfuko wote unafunguka na uzi unabaki mzima mkononi. Veronika aliishia darasa la tatu. Mshono ule ndio ulikuwa sahihi yake.

Na aliyeleta balaa ni Prisca mwenyewe. Alipomaliza chuo alimweleza mama yake kwamba wanaweza kutengeneza tovuti wenyewe, kwa templeti za bure, au kuweka picha tu kwenye mitandao, au kumpa kazi Fred, aliyesoma naye, mwenye ofisi mjini, Mwanjelwa. Mama alipenda ile ya kutengeneza wenyewe. Prisca akaiona ya kishamba. Alitaka kitu cha kitaalamu. Kwa kweli, aliuonea aibu ungo wa mama yake.

Fred alikuja, akala, akapiga picha. Akausifia uzi. Veronika, kama anavyofanya kwa mgeni yeyote anayesifu kitu cha nyumbani kwake, akampa donge zima aende nalo.

Baada ya simu ya Bibie, Prisca akaifungua tovuti. Juu: Mchele wa Veronika. Chini yake, mwanamke mgeni kabisa akicheka na bakuli, kwenye jiko ambalo halijawahi kuona moshi. Na pale ilipokuwa namba ya mama yake, sasa palikuwa na namba ya Fred.

Kesho yake walikuwa Mwanjelwa, mama na binti.

"Dada, usipaniki," Fred alisema, akizungusha kiti. "Jina la tovuti nililisajili mimi, kwa jina langu. Ndivyo kazi hizi zinavyokwenda."

"Na mchele? Unanunua chenga sokoni, unashona kwa uzi wa mama yangu!"

"Uzi mwekundu unauzwa kila duka. Wateja wamekuja kwa sababu ya tovuti, siyo ungo. Mama, tusigombane. Wewe niletee mchele, mimi nitauza. Jina libaki kwangu, ni la biashara."

Veronika akamkatiza. "Jina lipi?"

"Veronika."

"Hilo nilipewa siku ya ubatizo. Wewe ulikuwepo?"

Fred alicheka. Hakuna kilichomchoma Prisca kama kicheko kile. Mtu amekula ugali wa mama yake, amepewa uzi kwa mikono miwili, halafu anamcheka! Mama yake ndiye aliyemshika mkono, wakatoka.

Polisi waliandika maelezo yao, na kesi itakwenda mwendo wake. Lakini wateja hawangoji kesi.

"Tubadilishe rangi, Mayu," Prisca alimwambia mama yake walipofika nyumbani. "Tushone kwa bluu."

"Nani kaiba?"

"Fred."

"Basi abadilishe yeye."

Safari hii walikaa wote wawili mbele ya kompyuta. Templeti ya bure, ile aliyoidharau. Usajili kwa jina la Veronika, kwa kitambulisho chake, kwa simu yake. Walipofika kwenye neno la siri, mama alimwambia Prisca ageuke ukutani, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja. Ni jina la ng'ombe wa baba yake. Zaidi ya hapo Prisca hajaambiwa.

Kisha Prisca akaomba kurekodi video ya mshono.

"Ili yule naye ajifunze?" Veronika akaguna. "Onyesha kufungua. Kufunga ni kwangu."

Kwa hiyo ukurasa wa mbele ukawa na mikono ya Veronika, ungo ukionekana nyuma yake, ikitafuta ncha na kuvuta. Chini Prisca aliandika: *Mfuko wetu haufunguliwi kwa kisu. Ukihitaji kisu, si mchele wetu, na aliyekuuzia amekudanganya.* Alitaka kuongeza matusi mawili. Mama akasema moja lingetosha, halafu akasema hata hilo aliache.

Video akamtumia Bibie. Bibie akaagiza mfuko mmoja. Mmoja tu, yeye aliyezoea kuchukua ishirini. Veronika alipeta mchele ule siku nzima, akashona, akaubeba mwenyewe hadi kwenye gari la Iringa.

Siku ya pili simu yake ililia.

"Veronika, nyamaza usikilize," alisema Bibie.

Prisca alisogeza sikio karibu na la mama yake. Kwanza kelele za dukani, mtu akiuliza bei ya maharage. Halafu, waziwazi, krrrrrr, uzi ukikimbia kutoka mwanzo wa mfuko hadi mwisho bila kukwama.

Veronika alifumba macho.

"Umesikia?" Bibie alipaza sauti. "Umesikia, mama?"

"Nimesikia," alisema Veronika. "Huyo ndiye mimi."