Msiba wa Zinaida

Zinaida, Mrusi aliyeandika filamu yake, akaiongoza na kuiigiza mwenyewe kwa vile wenzake walishamkimbia, alibakiwa na onyesho moja tu: mama aliyefiwa anapiga ukelele. Kibali cha kupiga picha hapa Sib, Omani, kilikuwa kinakwisha saa kumi alasiri. Mimi, Khattab, nilikuwa mkalimani wake.

Alilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Bi Jawaher wa nyumba ya pili akaingia na ubani kutupa pole, picha ikaharibika. Mara ya pili akaja na majirani sita na birika la kahawa, akamziba mdomo.

"Mwanangu, usipige kelele. Unamuadhibu maiti."

"Bibi, anaigiza."

"Nyamaza we. Msiba hauigizwi."

Kabla ya mara ya tatu, saa kumi ikafika. Mpiga picha, pekee aliyebaki naye, akafunga kamera. Zinaida akakaa sakafuni: miaka thelathini ya kazi, na filamu yake ya mwisho haina mwisho. Akalia kweli, vizuri kuliko mara zote, na hakuna aliyerekodi.

"Nani kafa hasa?" Bi Jawaher akaniuliza.

"Filamu yake, bibi."

Akamtazama, kisha akamvutia kifuani.

"Basi huyu mwacheni alie."