Kilo Sabini na Nne

Sajenti aliyemfundisha Elinaja Mshana mieleka, katika kambi moja ya jeshi Dar es Salaam, hakuanza na kukaba wala kuangusha. Alianza na kiu. Mieleka huchezwa kwa uzito, alisema, na anayeweza kujikausha akashuka kundi la chini atakutana na watu wadogo kuliko yeye. Elinaja alijikausha. Alikimbia juani amevaa makoti mawili, akalala bila kunywa hata funda la maji, na kwa njia hiyo akawa bingwa wa taifa miaka minne mfululizo. Hakuugua hata mara moja, kwa hiyo hakuwahi kuhoji.

London alikwenda kusoma. Akamwoa Beatha, akapata kazi ya ukocha katika chuo kimoja cha Woolwich, akadumu nayo miaka kumi na saba. Ukumbi wake haukuwa na madirisha, ukinuka jasho na dawa ya kusafishia mikeka. Vijana wake wengi hawakushinda chochote. Aliwapenda hivyo hivyo, akawaandikia barua za kuombea kazi, akahudhuria harusi zao.

Kisha akaja Samson. Mama yake, Marcelina, nesi mwenyeji wa Bukoba, alisali kanisa moja na kina Elinaja na alikuwa amemlea peke yake. Siku ya kwanza alimsindikiza mwenyewe hadi mlango wa ukumbi.

"Kaka Elinaja, huyu hana baba," alisema. "Ukimwona anapotoka, mrudi. Usingoje kuniuliza mimi."

Samson alizaliwa London. Kiswahili alikisikia chote, ila alijibu kwa Kiingereza. Alikuwa mwepesi, mwenye mikono mirefu na subira ya ajabu, na Elinaja aliyaona kwake mambo ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nayo. Mwaka wa pili alifika fainali ya vyuo katika kilo sabini na tisa, akaangushwa na jitu la miraba minne. Elinaja akaamua kwamba mwaka unaofuata atacheza sabini na nne.

Alhamisi kabla ya mashindano, mizani ilisoma sabini na nane.

"Kilo nne kwa siku mbili," Elinaja alimwambia. Walikuwa wawili tu koridoni. "Vaa makoti mawili, na mfuko wa plastiki ndani. Panda baiskeli ya mazoezi mpaka jasho likatike. Maji hakuna."

Ijumaa mchana Samson alimfuata ofisini. Midomo ilikuwa imempasuka.

"Kocha, nina kiu sana," alisema, na alisema kwa Kiswahili.

"Hata mimi nilikuwa nayo. Inapita."

Jumamosi asubuhi mizani ilisoma sabini na tatu na nukta tisa. Wakakumbatiana. Samson alishinda pambano la kwanza. Katika la pili mikono yake ililegea ghafla, na mpinzani wake ndiye aliyemwachia na kumwita mwamuzi. Mwili ulikuwa wa moto lakini hauna jasho. Hospitalini walisema figo zimesimama. Moyo nao ukasimama Jumapili, kabla ya saa sita mchana. Alikuwa na miaka ishirini.

Kabla mwili haujasafirishwa kwenda Bukoba kulikuwa na misa, na Marcelina aliomba Elinaja awe miongoni mwa wanaobeba jeneza. Alilibeba. 

Miezi minne baadaye iliitishwa mahakama ya kuchunguza kifo kile. Imran, mkuu wa michezo wa chuo, alimwita Elinaja ofisini kwake, akafunga mlango, akamsikiliza akieleza alichomwagiza Samson.

"Hukuandika popote," alisema Imran. "Hukumtumia ujumbe. Vijana hujikausha wenyewe bila kocha kujua. Hakuna aliyesikia mkizungumza."

"Nilisikia mimi."

Imran alifungua mlango. "Basi fikiri vizuri," alisema.

Nyumbani, Beatha alimsikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia kwamba wazo lilikuwa la mumewe.

"Ukisema, hutafundisha tena," alisema. "Na Samson harudi."

"Najua."

"Basi mwambie mama yake kwanza. Asije akayasikia mbele ya watu."

Elinaja alikwenda Jumamosi. Marcelina alimfungulia akiwa bado na sare ya kazini, akamkaribisha kiti, akachemsha chai. Elinaja aliiacha ipoe. Alimweleza yote: makoti, plastiki, baiskeli, maji. Marcelina alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mikono mapajani.

"Kuna jambo moja nataka unijibu," alisema baadaye. "Alikuambia ana kiu?"

"Aliniambia."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia inapita."

Marcelina alifumba macho. Alipoyafumbua, hakumtazama.

"Usiku wa Ijumaa nilimwekea mtori wa ndizi na nyama," alisema. "Akasema hatakula. Niliona midomo yake. Miaka ishirini na mbili nimefanya kazi wodini, najua mtu aliyekaukiwa maji anafananaje. Nikamwambia, mwanangu, kunywa maji. Akasema, Kocha kakataa. Nikanyamaza." Alivuta pumzi. "Nilikuamini wewe nikayakana macho yangu mwenyewe."

"Mama Samson, kosa si lako."

"Usinigawie makosa," alisema taratibu. "Nenda nyumbani."

Mahakamani aliulizwa kama alijua kijana yule anajikausha. "Nilimwamuru mimi," alijibu. Imran, aliyekaa mstari wa mbele, aliinamisha kichwa. Elinaja alieleza kila kitu kwa mpangilio, hata ile Ijumaa. Alipoulizwa kwa nini hakumpa maji, alisema kwamba hata yeye alifundishwa hivyo, kisha akaongeza kuwa hiyo si sababu.

Nje, kwenye ngazi, Marcelina alimngoja. Mvua ilikuwa ikinyunya.

"Umesema kweli," alisema. "Nakushukuru kwa hilo. Sasa usinitafute tena. Wala kanisani usinisalimie. Siwezi."

"Nimesikia, dada."

Chuo kilimwachisha kazi wiki ile ile, na chama cha mieleka kikamfutia leseni maisha yake yote. Hakukata rufaa. Siku hizi huongoza watu getini kwenye uwanja wa mpira wa Wembley kunapokuwa na mechi. Mara moja kwa mwaka chama humwita asimame mbele ya makocha wapya awasimulie habari za Samson. Wengine wao hawamtazami usoni. Yeye husimulia, hunywa maji yake, hurudi nyumbani kwa treni.

Bado anaishi Woolwich. Sokoni humwona Marcelina mara kwa mara, akichagua ndizi za kupika, akizibonyeza moja moja, siku hizi akinunua chache tu. Elinaja husimama nyuma ya meza za nguo mpaka amalize. Beatha alimuuliza siku moja kwa nini wasihamie kwingine, Croydon labda, ambako Beatha ana ndugu.

"Mama Samson hajahama," Elinaja alisema.