Viatu vya mpira vya Pansul

Basi huyu Pansul wa Gimhae, kule Korea, alilima maua ya karnesheni miaka thelathini, na ugonjwa wa mnyauko aliujua kama anavyokijua kikohozi chake mwenyewe. Mwaka ule aliuona kule mwisho wa banda lake la nailoni, miche sita imelala upande mmoja. Akapasua shina kwa kisu. Ndani, mistari ya kahawia. Ni ule ukungu unaokaa kwenye udongo. Akaing'oa, akaichoma, akanyamaza.

Kosa lake ndilo hilo la kunyamaza. Maana kule wakulima hupandiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na kesho yake ilikuwa zamu ya Malrye, mjane wa rafiki yake. Angesema ana mnyauko, asingekanyaga banda la mtu msimu mzima. Aliona haya, basi. Akaenda na viatu vyake vya mpira vilevile, tope limeganda kwenye soli, akapanda mpaka jioni, akala na supu ya Malrye.

Ikafika Aprili. Zimebaki wiki chache tu kabla ya Siku ya Wazazi, watoto wanapowabandika mama zao karnesheni kifuani. Malrye akamsimamisha mlangoni pa banda.

"Shemeji, ishia hapohapo."

"Kwani nimekuwa mwizi?"

"Uibe nini, na meno yenyewe manne. Maua yangu yananyauka. Nadhani ni ile miche niliyonunua. Usiingie, utaupeleka mnyauko kwako."

Pansul akatazama viatu vyake.

"Si miche," akasema. "Ni mimi. Nilikuwa nao kabla hatujapanda kwako."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukala supu yangu."

"Nikaomba na ya pili."

Malrye hakucheka. "Vua hivyo viatu," akasema, "uje tung'oe."

Waling'oa siku tatu, Pansul peku. Wakaumwagia udongo maji, wakaufunika nailoni kiangazi chote ili jua liuchemshe, ukungu ufe.

Msimu wa kupanda uliporudi, Malrye aliweka beseni la chokaa mlangoni, kila anayeingia achovye viatu, akaita majirani. Pansul alikuwa ameshanunua viatu vipya. Akakaa navyo barazani kwake tangu asubuhi, soli safi kabisa, anasikiliza watu wakitaniana kule bandani kwa Malrye. Mchana akaletewa supu kutoka kwa Malrye, ya moto, bakuli limefunikwa vizuri. Aliyeileta hakuwa ametumwa kumwita.